Mama Mdogo Kwenye Ukuta wa Godauni

Jumatatu, 10 Machi

Kuta za bweni zinatoka jasho. Kila Machi Guangzhou inakuwa hivi: unyevu unapanda kutoka kusini, sakafu inalowa bila mvua, na nguo nilizoanika wiki iliyopita bado mbichi. Wenyeji wamezoea. Mimi huu ni mwaka wangu wa tatu na bado nagombana na soksi.

Naanza kuandika leo kwa sababu nikinyamaza nitapasuka. Kamande, Mkenya anayesomea filamu chuo cha jirani, aliniomba nimsaidie kutafsiri filamu yake, nimwekee maandishi ya Kichina chini ya picha ili walimu wake waelewe. Ni filamu ya maisha ya kweli, aliyoirekodi kidogo kidogo kabla hajaja huku, juu ya wakili wa Nairobi. Anasema huyu mama alikuwa miongoni mwa mawakili wa mwanzo kabisa kusimama waziwazi kuwatetea watu wanaopenda wa jinsia yao. Akabonyeza, na aliyetokea akipanda ngazi za mahakama, joho mkononi, alikuwa mama yangu mdogo Loyce.

Niliitazama filamu mpaka ikaisha. Ndipo nikamwambia, "Huyo ni mdogo wake mama yangu. Tumbo moja."

"Wacha!" Kamande akaruka. "Unanibeba ufala, ama?"

Simchezei. Nyumbani kwetu Moshi jina la Loyce halitajwi. Mama ni mzee wa kanisa na kiongozi wa umoja wa akina mama. Siku Loyce alipoonekana kwenye televisheni akitoka mahakamani katikati ya wateja wake, wanawake wawili walioshikana mikono, picha zake zote zilishushwa ukutani sebuleni. Nilikuwa kidato cha pili. Nilipouliza, niliambiwa mama mdogo ana kazi nyingi siku hizi. Leo nimeiona hiyo kazi yenyewe, na nimeona fahari ambayo sijui niiweke wapi.

Alhamisi, 13 Machi

Soksi hazijakauka.

Jumapili, 16 Machi

Nimeongea na mama mdogo kwa video. Kamande ndiye aliyenipa namba. Kitu cha kwanza alichosema: "Elinami! Paji la uso lote la mama yako!" Kisha akalia, kisha akanicheka mimi niliyekuwa nalia pia.

Mwisho wa Aprili ana mkutano Hong Kong, na atapitia hapa. Anataka filamu ionyeshwe kwa watu wetu. Imeshaonyeshwa Ulaya mara kadhaa. "Kule wananipigia makofi, nashukuru," alisema, "lakini wanacheka wakishamaliza kusoma maandishi ya chini. Mimi natamani nikae chumba kimoja na watu wanaocheka papo hapo. Hata wakinizomea, basi wanizomee kwa Kiswahili." Nairobi hajathubutu. Dar ndiyo kabisa. Anachoogopa zaidi, alisema, ni chumba kitupu.

Kisha akaniambia nisiwaambie watu kwamba mimi ni mtoto wa dada yake. "Una masomo, una watu wako huko. Niite Wakili Loyce, inatosha." Nikasema sawa. Nilisema sawa haraka mno, na haraka hiyo imeniudhi jioni nzima.

Jumamosi, 22 Machi

Siku ya godauni. Kila Jumamosi namfanyia kazi Bi Mwanakhamis, Mzanzibari anayekusanya mizigo ya wafanyabiashara wadogo na kuijaza kontena moja la kwenda Dar. Mimi ni mkalimani wake, na ndimi ninayepima marobota na kuandika ya nani ni yapi. Leo alikuwa amefunga, na bado sauti yake ilifika mpaka barabarani. Jioni kafuturisha godauni zima, akaniwekea mimi Mlutheri bakuli kubwa la uji kuliko lake. Mwanamke mkarimu, lakini neno "aibu" halimkauki mdomoni: aibu suruali yangu, aibu kijana fulani aliyetoboa sikio. Namwogopa kuliko profesa wangu.

Jumatano, 2 Aprili

Medard ametupa ukumbi! Ni mwenyekiti wa chama chetu cha wanafunzi, anasomea udaktari, na kwenye semina huwa anazungumzia haki za binadamu mpaka kiyoyozi kinaona haya. "Elimu kwanza, dada Elinami," aliniambia. Nimempenda leo.

Jumamosi, 5 Aprili

Leo nimefanya ujinga ambao sidhani kama kuna mtu mwingine duniani angeweza kuufanya.

Kwenye simu yangu makundi mawili yamefuatana: la wanafunzi na la kontena la Bi Mwanakhamis. La kontena lina desturi yake. Ukitaka nafasi, unatupia picha ya mzigo, basi. Hakuna salamu, hakuna maelezo. Wenzako wanauliza bei na ujazo, ile CBM, mimi naandika. Nilikuwa kwenye treni ya chini natoka soko la nguo la Shisanhang na mfuko wa sampuli za magauni, nikaona nitume tangazo la filamu kwa wanafunzi. Tangazo lenyewe ni picha ya mama mdogo amesimama na joho jeusi na kola nyeupe, anaikazia macho kamera. Nikalituma, nikaweka simu mfukoni, nikasinzia.

Nilipozinduka, muda wa kulifuta ulikuwa umepita, na Haidar wa Kariakoo alikuwa ameshaandika: "Laoban, hayo majoho duoshao qian? Bei ya jumla, bosi." Mwingine: "CBM ngapi hiyo?" Mwingine anataka ya kijani kwa ajili ya mahafali. Haidar tena: "Nachukua, ila kitambaa kisiwe kile kinachong'aa makalioni." Nilikuwa nimelituma kwenye kundi la kontena.

Kisha Abubakary, mzee wa vipuri, ambaye hasaini kitu bila kukisoma chote, akayasoma na maandishi madogo. "Someni hapo chini, jamani. Huyu mama anatetea mashoga. Ni filamu."  Kundi likalipuka. Sitayaandika yote yaliyosemwa, mengine hata choo hakiyastahili. Abubakary akajitoa kwenye kundi. Bi Mwanakhamis hakuandika hata herufi moja.

Wa mwisho alikuwa Haidar: "Kwa hiyo majoho hakuna?"

Jumapili, 6 Aprili

Medard kapiga simu. "Dada Elinami, mimi binafsi sina tatizo." Mtu akianza hivyo, jua ukumbi umekwenda. Picha imezunguka, watu wamempigia, chama kitasemwa. "Nina mke na mtoto hapa, na ufadhili wangu unaangaliwa upya mwezi wa sita. Nielewe."

Nikamwambia ni mwoga. Hakubisha, na hilo liliniudhi zaidi.

Jumatano, 9 Aprili

Mimi na Kamande tumezunguka hoteli na migahawa kutafuta chumba. Kila mahali tabasamu, kila mahali "mei you", hakuna. Vyumba vilikuwa wazi tunaviona. Mvua imeanza ile ya kweli.

"Tukikosa, tutaonyesha kwa room yangu," Kamande alisema. "Watu wanne wakae kitandani, wengine wasimame."

Watu wanne wenyewe tutawatoa wapi?

Jumamosi, 12 Aprili

Nilikwenda godauni nimejiandaa kufukuzwa. Bi Mwanakhamis alikuwa anaandika alama kwenye marobota kwa kalamu nene. Nikamwamkia, akaitikia bila kuinua uso.

"Yule mwanamke wa kwenye picha," akasema. "Paji lile ni lako. Nani wako?"

Ningeweza kusema uongo. Nilishaufungua mdomo kabisa niuseme. "Mama yangu mdogo."

"Tumbo moja na mamako?"

"Ndiyo."

Akaifunika kalamu. "Kwa hiyo mamako mdogo anakuja mji huu, nawe umo humu humu, na unamtangaza kama mtu baki?"

 Nikamwambia kwamba ukumbi tumenyang'anywa, na kwamba mama mdogo anaogopa chumba kitupu kuliko matusi. 

"Sikiliza, mwanangu. Mie mambo yale siyaafiki. Leo siyaafiki, na kesho ukiniuliza siyaafiki. Lakini nilipofungua duka langu la mwanzo, kaka zangu walishasema mwanamke anayekwenda China peke yake keshapotea. Nikasomesha dua ya duka. Nikapika kahawa, nikatandaza halua, mikeka chumba kizima. Hakuja mtu. Halua ile nilikula peke yangu wiki nzima." Akarudi kwenye marobota yake. "Kontena latoka Ijumaa ya tarehe ishirini na tano kwenda bandari ya Nansha. Jumamosi yake godauni tupu. Lichukueni. Pombe marufuku, na Isha isiwakute mumo humu. Mie nitakaa mlangoni. Ndani siingii."

Nilitaka kumkumbatia. Akanielekezea marobota yasiyopimwa.

Jumamosi, 19 Aprili

Mvua, mvua. Barabara za Xintang, kunakoshonwa jinzi, zimejaa maji, na jinzi za Haidar zimekwama kiwandani. Bila jinzi hizo kontena halijai, na lisipojaa haliondoki.

Jumatano, 23 Aprili

Jinzi zimefika, kontena ndilo limeahirishwa huko bandarini. Godauni limejaa mpaka dari. Bi Mwanakhamis anasema tutajua la kufanya, kwa sauti ya mtu asiyejua.

Ijumaa, 25 Aprili

Nimempokea mama mdogo uwanja wa ndege. Ni mfupi! Kwenye kumbukumbu yangu na kwenye filamu ni mrefu kuliko milango, kumbe ananifikia begani. Kwenye treni aliniuliza masomo, akaniuliza kama napendwa na mtu, akanieleza habari za Caro, mwenzake wanayeishi pamoja Nairobi, ambaye hawezi kupika lakini hakubali. Akaangalia mvua dirishani muda mrefu. "Mama yako bado anaongoza kwaya?"

"Anaongoza."

"Ana sauti dada yangu." Hakuuliza kingine. Tulipofika akanikumbusha tena kwamba kesho yeye ni Wakili Loyce tu.

Jumamosi, 26 Aprili

Najaribu kuiandika siku nzima kwa mpangilio.

Asubuhi mvua ilipiga mpaka maji yakafika kizingiti cha godauni. Nilisimama katikati ya marobota nikajua kwamba hakuna atakayekuja, na ambaye angekuja hana pa kukaa. Haidar akatokea, amekunja suruali magotini. Aliyatazama marobota ya jinzi zake, akavua shati. "Hii ngazi kabisa," akasema. Akaanza kuyapanga, safu ya chini, safu ya kati, safu ya juu, kama viti vya uwanja wa mpira, mimi na Kamande tukimsogezea. Nilimuuliza kwa nini anatusaidia. "Mie nimeshaona picha, lazima nione na sinema," akajibu. "Na mkinichania nailoni, mtanunua jinzi hizi zote."

Tulikuwa hatuna projekta. Ya kukodi ilikataa kuwaka kwa unyevu. Kamande alikuwa anaikausha kwa mashine ya kukaushia nywele, akiitukana kwa Sheng, pale Medard alipoingia ameloa chapachapa na begi kifuani. Alilifungua juu ya robota. Projekta ya chama.

"Mimi sijaileta," akasema. "Mkiulizwa, ilijileta yenyewe."

 Ufadhili wake bado unaangaliwa upya mwezi wa sita, mtoto wake bado ni mdogo, na alikuwa amekuja kwa miguu yake mwenyewe. Nilimuomba radhi kwa lile neno la kwenye simu. Akasema nilikuwa sijakosea sana.

Saa kumi wakaanza kuja. Kwanza wanafunzi wawili wawili, wanaangalia nyuma. Kisha wafanyabiashara, ambao hawaangalii nyuma mahali popote. Wakongo watatu waliokuwa wamekuja kuulizia nafasi ya kontena wakakaa. Abubakary naye akaja, akasema wazi kwamba amekuja kuona kwa macho yake kinachosemwa, akachagua robota la pembeni. Safu ya chini ikajaa, ya kati ikajaa. Mama mdogo alikuwa amesimama nyuma ya nguzo, anawahesabu kwa midomo bila sauti. Nilimwona anaacha kuhesabu na kujifuta macho kwa kiganja.

Bi Mwanakhamis aliweka kiti chake mlangoni, mgongo kwetu, uso kwenye mvua.

Filamu ikaanza ukutani. Alipanda zile ngazi za mahakama huku watu wakimzomea, naye akasimama katikati kufunga kamba ya kiatu, taratibu kabisa, na godauni zima likaguna kwa kupendezwa. Ikafika ile sehemu anayosimulia wakili wa upande wa pili alivyomuuliza mbele ya hakimu ametumwa na nani. "Nikamwambia nimetumwa na mteja wangu. Jina lake liko kwenye jalada, ukurasa wa kwanza. Lisome tu, mheshimiwa, ni jina fupi." Kicheko kikapanda mpaka juu ya mabati, papo hapo, kabla hajamaliza neno. Maandishi yangu ya Kichina yalipita chini na hakuna aliyeyatazama, isipokuwa mzee Liang, mlinzi, ambaye alicheka peke yake baadaye. Nikageuka kumtafuta mama mdogo. Alikuwa amejifunika mdomo kwa mikono miwili, anacheka na yeye.

Si wote waliocheka. Walipoonyeshwa wale wateja wake wawili wanapika jikoni kwao, mmoja anamwonjesha mwenzake mchuzi, vijana wawili waliinuka wakatoka, na mmoja akatema neno mlangoni. Bi Mwanakhamis alimwambia akamtemee mama yake nyumbani, si kwenye mlango wake.

Taa zilipowashwa mama mdogo akaja mbele. Maswali yalikuwa ya adabu mpaka Abubakary aliposimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mzee wangu, japo nadhani umenipita."

"Sikuja kukutukana. Nauliza kitu kimoja. Sisi huku ugenini kila mtu anajulikana ni wa nani. Ukiumwa, tunajua wa kumpigia. Ukifa, tunajua wa kukupokea. Filamu nzima sikuona ndugu yako hata mmoja. Ukoo wako uko wapi katika kazi hii?"

Mwanamke aliyewajibu mahakimu akaangalia sakafu. Nilikuwa kando ya projekta, namwona uso wake vizuri. "Ndugu zangu wapo," akasema polepole. "Wako mbali kidogo."

Hapo nilijua nikinyamaza nitakuwa mmoja wa walioshusha picha. Nilijua pia kwamba kila mtu mle ndani ana simu, na kila simu ina kundi la nyumbani.  Nikapanda juu ya robota.

"Hawako mbali," nikasema. "Mnanijua. Mimi Elinami, nawapimia mizigo yenu. Huyu ni mama yangu mdogo, tumbo moja na mama yangu mzazi wa Moshi. Kwenye tangazo sikuandika kwa sababu niliogopa. Ukoo wake ni mimi. Na naona fahari, naona fahari mpaka siwezi kukaa."

Palikuwa na mvua tu juu ya bati. Mama mdogo alikuwa anatikisa kichwa kunikataza, na machozi yanamtiririka. Kisha Haidar kutoka safu ya juu akapaza sauti: "Kumbe ule mzigo una mwenyewe!"

Kikalipuka kicheko, kikageuka makofi. Hawakupiga wote. Abubakary hakupiga. Lakini alisema, "Sasa umejibiwa, Abubakary," akijiambia mwenyewe, akakaa. Mama mdogo alinishusha kutoka kwenye robota kwa mikono yake, akanishika uso mbele ya watu wote.

Mlangoni Bi Mwanakhamis alikuwa ameshafungua masufuria ya pilau. Alimtazama mama mdogo kutoka juu hadi chini. "Nimesikia kila kitu, sikuziba masikio. Siyaafiki yale. Lakini wewe ungekuwa wakili wangu pale bandarini, kontena langu lisingelala hata siku moja. Karibu chakula."

Tulimaliza kabla ya Isha.

Jumapili, 27 Aprili

Amekwenda Hong Kong. Atalala huko wiki nzima. Kwenye kituo cha treni hakusema Wakili Loyce. Alimwambia yule binti aliyekagua tiketi, kwa Kiingereza cha kutambia, kwamba mimi ni mtoto wake.

Jumanne, 29 Aprili

Imefika nyumbani. Mtu alinirekodi nikiwa juu ya robota, na leo binamu yangu ameniandikia kwamba iko kwenye kundi la kwaya ya mama. Mama hajapiga. Nimempigia, hapokei. Sijuti. Kesho nitampigia tena.

Jumatano, 30 Aprili

Hajapokea.

Alhamisi, 1 Mei

Mama kapiga mchana, nikiwa naanua nguo. Jua limetoka na nguo zimekauka zote. Nikamwamkia, akaitikia.

"Nimeiona," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Umesimama juu ya mzigo wa watu."

"Ndiyo, mama."

"Amekonda." Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Loyce amekonda sana. Anakula?"

Nikamwambia anakula, kwamba Bi Mwanakhamis alimlisha pilau mpaka akaomba apumzishwe. Akauliza Bi Mwanakhamis ni nani, nikamweleza. Akauliza ndege ya Loyce inarudi lini. Nikamwambia Jumapili, anashukia Nairobi mchana.

"Najua," akasema. "Nilimuuliza yule binamu yako, naye kampigia Loyce. Nilitaka kuhakikisha kwako."

Nikakaa kitandani, juu ya nguo.

"Jana kwenye kikao cha akina mama waliniletea simu. Wakaniuliza, mzee wa kanisa, huyu anayesemwa hapa ni ndugu yako kweli? Waliuliza kwa upole, Elinami. Walikuwa wanataka nikatae, ili yaishe." Nikamsikia anavuta pumzi. "Nikawaambia watafute mtu wa kushika zamu yangu Jumapili. Wakaniuliza naenda wapi. Nikasema naenda Nairobi kumpokea mdogo wangu. Yule wakili."